Siku Tuliyoshusha Tanki Idodi

Gari lilizimika saa tano asubuhi, tukiwa tumebakiza kama kilomita mbili kufika Idodi. Halikufa kwa kishindo. Lilianza kukosa nguvu kwenye kimlima ambacho pikipiki yenye magunia mawili ilikuwa imekipanda mbele yetu bila taabu, likashtuka mara mbili tatu kama mtu mwenye kwikwi, kisha injini ikanyamaza. Vumbi letu wenyewe likatufikia kwa nyuma na kutupita.

Tulikuwa wawili: mimi na mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, anayefanya utafiti Tungamalenga kuhusu MBOMIPA, ile jumuiya ya vijiji ambayo jina lake kamili ni Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Nilikuwa nimeahidi kwenda kuona anavyokusanya taarifa zake. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba ukitoka Iringa mjini na kuipita njia panda ya Kalenga, ardhi huanza kushuka taratibu kutoka kwenye baridi kwenda kwenye joto la mibuyu, kuelekea Ruaha. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, mvua bado, na mibuyu ilikuwa mitupu.

Pawatila iliyokuwa ikirudi kutoka mashamba ya mpunga ilituvuta kwa kamba hadi kijijini, mwendo wa aibu kidogo kwa mtu aliyezoea kuitwa Dokta. Ikatuacha chini ya mwembe mkubwa, penye matairi mawili yaliyochimbiwa nusu ardhini, ambayo ndiyo kibao cha gereji. Upande wa pili wa mwembe huohuo mama mmoja alikuwa akikaanga maandazi. Fundi alikuwa amelala ubavu kando ya pikipiki. Akainuka, kijana wa miaka ishirini na saba hivi, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa cheusi kuliko mikono yenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Kamwene."

"Kamwene. Limekataa?"

"Limekataa."

Badala ya kuishia hapo, nikamweleza ugonjwa. Nikamwambia kwamba jana yake nilinunua mafuta kwenye kituo nisichokiamini, kwamba mafuta yale kwa vyovyote yamechakachuliwa, na kwamba nchi hii haitapona hadi wachakachuaji wafungwe. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akasema, "Fungua swichi, mzee, lakini usipige stata."

Nikafungua. Yeye alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, sikio karibu na tanki. Akaniomba nifunge, nifungue tena. Akatikisa kichwa.

"Haiimbi."

Sikuwa najua kwamba gari langu huimba. Nimelimiliki miaka sita. Kumbe kila ninapofungua swichi, kabla ya stata, pampu ya umeme iliyomo ndani ya tanki huzunguka kwa sekunde mbili au tatu ili kujaza mafuta kwenye mpira wa kwenda kwenye injini, na ukitega sikio utausikia mlio wake mwembamba. Fundi alichomoa fyuzi na kuiangalia juani. Akachomoa rilei ya pampu na kuibadilishana na ya honi. Honi ikalia, pampu ikabaki kimya. Akatoa taa ndogo ya pikipiki aliyoifunga nyaya mbili, akaigusisha kwenye plagi ya pampu, ikawaka: umeme unafika. Mwisho akaligonga tanki kwa chini kwa kipande cha ubao huku nikifungua swichi, kwa sababu pampu iliyochoka wakati mwingine huamshwa na kishindo. Hii haikuamka.

"Imekufa," akasema. Hapo ndipo aliposema kwa mara ya kwanza. Nimehudhuria vikao vingi vya bodi ambavyo maneno kama hayo hutangulia na taa ya kupimia haifuati kabisa, lakini hayo tuyaache.

Magari mengi tunayoletewa kutoka Japani yana kifuniko chini ya kiti cha nyuma. Unakifungua, unaitoa pampu kwa juu, kazi ya saa moja. Tuliinua kiti, tukakunjua kapeti, tukakuta bati tupu. Mwanafunzi wangu, ambaye ana jibu kwa kila jambo na ndiyo maana nampenda, akauliza kwa nini tusikate bati hilo. Fundi akacheka.

"Wapo wanaokata, dada. Wanakata kwa grainda. Cheche inadondoka wapi?"

Basi ikabidi tanki lishushwe.

Kabla ya kushika spana alifanya mambo matatu. Alichomoa waya hasi wa betri. Aliwaambia vijana wa bodaboda waliokuwa wamekusanyika wazime sigara na wasogee. Kisha akaenda upande wa pili wa mwembe, akainama kidogo.

"Mama, samahani. Tunafungua petroli. Naomba uzime jiko."

Nilitegemea mabishano. Ilikuwa saa sita, saa ya wateja, na karai lilikuwa limejaa. Mama yule hakusema neno. Aliliepua karai, akamwagia mkaa maji, akausogeza mtungi wake mbali, akaja kukaa kwenye benchi karibu nami. Nikamwomba radhi kwa hasara na kumwambia nitanunua maandazi yote.

"Marahaba mwanangu," alisema, ingawa katika haraka yangu nilikuwa nimesahau kumwamkia. "Hapa moto tunaujua."

Nilielewa baada ya dakika nzima, na nikaona haya kwamba ilinichukua dakika nzima. Agosti 2009 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi liliungua usiku. Wanafunzi 12 walikufa. Taarifa za siku zile zilitaja mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Sisi tulio mbali habari hiyo tuliisoma, tukahuzunika, ikapitwa na nyingine. Pale chini ya mwembe hapakuwa na mtu mzima ambaye haikumhusu. Miaka kumi baadaye, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, likaua watu zaidi ya 100, na nchi nzima ikajifunza kwa muda kile ambacho Idodi haikuhitaji kufundishwa.

Fundi alitutolea somo fupi huku akifyonza mafuta kwa mpira kuyaingiza kwenye dumu. Tanki lililojaa, alisema, lina hatari, lakini tanki tupu lina hatari zaidi, kwa sababu kinachowaka ni mvuke, na tanki tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Unateremka na kutambaa chini kama maji, unaweza kulifuata jiko lilipo.

Mafuta yalijaa chini ya nusu ya dumu la lita ishirini. Lita nane. Aliyatazama, akanitazama, hakusema kitu.

Kazi yenyewe sitaieleza yote. Ilichukua saa mbili na nusu. Aliegemeza gari kwenye magogo mawili manene, hakuuamini mkono wa jeki peke yake. Akafungua mpira wa kujazia, mpira wa hewa, mipira miwili ya mafuta iliyogoma na kupigwa kwa vitone vya mafuta ya breki hadi ikakubali, kisha akaiweka jeki na ubao chini ya tanki kabla ya kugusa bolti za mikanda inayolishikilia. Bolti moja ilikuwa imeliwa na kutu. Alilala chini ya gari, kutu ikimdondokea machoni, akiizungusha robo mzunguko mbele na robo nyuma, mbele na nyuma, kwa subira ambayo mimi husamehe tasnifu kwa kuwa nayo nusu. Mimi nilipewa kazi ya kushusha jeki. "Pole pole mzee. Pole pole. Simama." Mara tatu nilishusha haraka kuliko nilivyoambiwa.

Tanki lilipotua ardhini hakulifungua. Aliomba brashi, akafagia vumbi la miaka juu yake, akalifuta kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo akalegeza skrubu za pampu moja moja kwa kuzunguka. Akaivuta pampu nje. Soksi yake, ile chujio ndogo inayokaa miguuni mwa pampu, ilikuwa nyeusi kama masizi. Sakafu ya tanki ilikuwa na tope la kahawia, na ndani ya tope hilo matone ya maji yaliyojikunja kama zebaki.

Nikashangilia. "Si nilikwambia? Uchakachuaji!"

Ndugu msomaji, wewe wa umri wangu unakumbuka neno hili lilivyotuingia. Lilitoka kwenye vituo vya mafuta, na mwaka 2010 likahamia kwenye vituo vya kupigia kura. Baada ya hapo hapakuwa na kitu ambacho hakikuchakachuliwa: mitihani, dawa, ndoa, hata pilau. Tulilipenda kwa sababu lilitupa mkosaji bila kumtafuta.

Fundi alichovya kidole kwenye dumu, akadondosha tone kwenye kiganja changu. Lilikuwa baridi, likakauka mara moja, halikuacha kitu. Akadondosha jingine kwenye karatasi nyeupe aliyoichana kutoka daftari la mwanafunzi wangu, tukangoja. Karatasi ikakauka, nyeupe vilevile.

"Yangekuwa na mafuta ya taa yangebaki hapa, yanateleza, na karatasi ingekuwa na doa la mafuta. Hii petroli ni petroli, mzee. Kituo hakina kosa."

"Na hilo tope?"

"Tope ni la miaka. Maji ni jasho la tanki. Tanki likikaa tupu, hewa ya ndani usiku inapoa, inatoa jasho. Lakini pampu haikuuliwa na hayo tu. Pampu hii inapozwa na mafuta yaleyale inayoyavuta. Inatakiwa ikae imezama. Wewe huwa unaweka kiasi gani?"

Huwa naweka ya shilingi elfu kumi. Lita tatu na kitu. Nafanya hivyo kila baada ya siku mbili, na huwaambia watu ni nidhamu ya matumizi. Sikumjibu, lakini mwanafunzi wangu, ambaye amepanda gari hilo mara nyingi, alijibu kwa niaba yangu.

Pampu mpya ilipatikana Iringa mjini kwa simu, shilingi elfu themanini na tano, ikakabidhiwa kwa kondakta wa basi linaloshuka mchana. Kwa hiyo tuliketi kungoja, tukala maandazi yaliyopoa. Mama, aliyesikia nikiitwa Dokta, aliniuliza kuhusu goti lake. Nilipomweleza kwamba udaktari wangu ni wa uchumi wa siasa alinisikitikia kwa dhati.

Mwanafunzi wangu akamuuliza fundi alisomea wapi ufundi. Akasema kwa mjomba wake, mjini. Alimaliza darasa la saba mwaka 2011, hakuchaguliwa, akaenda kushika spana. Akaeleza mwaka huo bila kinyongo, kama mtu anayeeleza msimu wa mvua chache. Walikuwa wakisomea koroboi, yeye na dada yake. Mama yao alinunua mafuta ya taa ya shilingi mia mbili, na mia mbili iliwatosha siku nne. Katikati ya mwaka mafuta yakapanda ghafla, mia mbili ikawa ya siku tatu. Mama hakuwa na mia nyingine. Siku ya nne walilala na jua, au walisogea jikoni wakasoma kwa moto wa kuni hadi macho yakachuruzika machozi.

"Sisemi nilifeli kwa sababu ya taa," akaongeza haraka. "Wapo waliosomea jikoni wakafaulu. Dada yangu alifaulu mwaka uliofuata."

Nilikuwa nimeshika andazi. Nililishika muda mrefu.

Wanafunzi wangu wa sasa walikuwa watoto mwaka ule, kwa hiyo nieleze. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli na petroli, kwa sababu ndiyo taa ya maskini. Wafanyabiashara wakaiona tofauti hiyo, wakayachanganya na kuyauza kama dizeli na petroli. Mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili mchanganyiko ubainike. Kisha ikaja bajeti ya Juni 2011, na ushuru wa bidhaa kwa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Hoja ilikuwa nyepesi: ukiondoa tofauti ya bei, umeondoa sababu ya kuchanganya. Mwaka wa fedha ukaanza Julai. Mtihani wa darasa la saba ukafanyika Septemba.

Nilikuwa mhadhiri msaidizi, na niliitetea hatua hiyo. Niliandika makala ya kurasa kumi na nne, nikaiwasilisha kwenye semina iliyohudhuriwa na maofisa kadhaa wa serikali, na walinipongeza. Sitaki sasa kujifanya kwamba ilikuwa makala ya kijinga. Uagizaji wa mafuta ya taa uliporomoka baada ya ushuru ule, ushahidi kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo haikuwa ikienda kwenye taa za mtu yeyote. Wachakachuaji walikuwapo kweli, na injini zilikuwa zikifa kweli. Nusu ya makala ile ningeitetea hata leo mbele ya mwembe ule.

Ila wachakachuaji walikuwa kwenye maghala na vituoni, watu wanaoweza kuhesabika, wenye leseni na anwani. Vinasaba vilikuwa vimeanza kuwafuata kwa majina yao. Ushuru haukumfuata yeyote kwa jina. Uliteremka na kutambaa chini hadi penye moto mdogo kabisa. Na katika kurasa kumi na nne niliitenga aya moja kwa ajili ya athari kwa kaya maskini, nikasema zitakuwa za muda mfupi, kwa kuwa kaya zitahamia kwenye nishati mbadala. Niliandika hivyo bila kumuuliza mtu hata mmoja nishati hiyo ni ipi. Taa za sola za bei nafuu hazikuwa zimeenea vijijini wakati huo, na nguzo za umeme zilikuwa bado safarini. Mbadala wa koroboi ulikuwa moto wa kuni, au mshumaa. Nilipoliandika neno hilo ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu Agosti ile ya Idodi.

Sikumwambia fundi. Nilijiambia kwamba hakuna njia ya kulisema jambo hilo bila kumfanya anifariji, na hilo lilikuwa kweli, lakini pia niliogopa. Mwanafunzi wangu ameisoma makala ile. Iko kwenye orodha yangu ya machapisho. Alinitazama mara moja, akageuka kulitazama basi lililokuwa likija.

Pampu iliingia haraka kuliko ilivyotoka. Fundi aliliosha tanki kwa petroli kidogo mara mbili, akalikausha, akaweka soksi mpya na ringi mpya ya mpira, akaziminya skrubu kwa kuzunguka kama alivyozifungua. Safari hii nilipandisha jeki pole pole. Mafuta yangu aliyachuja kwa kitambaa safi kabla ya kuyarudisha, akanituma nikanunue lita kumi za kuongeza kutoka kwa muuzaji wa kwenye madumu, nikarudi na kumkuta anadondosha tone lake kwenye karatasi kabla ya kuyamimina. Jua lilikuwa limeegemea mibuyu aliporudisha waya wa betri.

"Fungua swichi, mzee."

Nikafungua. Sote wawili tulitega sikio.

"Inaimba," akasema.

Aliomba shilingi elfu thelathini. Nililipa zaidi, akakataa zaidi, tukakubaliana katikati. Mama alikuwa ameshawasha jiko lake. Tulifika Tungamalenga usiku.

Niliporudi nyumbani niliifungua makala ile ya mwaka 2011 kwenye kompyuta, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niipeleke kuchapwa. Kwa kutumia kitufe cha kutafuta maneno nilihesabu: mafuta ya taa yametajwa mara thelathini na moja. Nikatafuta koroboi. Halimo. Nikatafuta kibatari, nikidhani labda nilitumia neno la watu wa pwani. Nalo halimo.